Filamu za Mapigano Zina Nini Zaidi ya Ngumi? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

## Kwa anayeanza

Kama si ngumi, watu wanatazama nini hasa?

Wanamtazama mtu. Ngumi haina uzito mpaka ujue anayeirusha amevumilia nini kabla ya kuikunja, na filamu nzuri za aina hii hukaa kwenye uvumilivu huo kuliko kwenye ngumi yenyewe.

Chukua *A Touch of Zen* ya mwaka 1971, iliyoongozwa na King Hu. Ina urefu wa takriban saa tatu, na pambano la kwanza linakuja baada ya karibu saa nzima. Kabla ya hapo tuko na mchoraji masikini anayeishi na mama yake karibu na ngome iliyohamwa, mama asiyechoka kulalamika kwamba mwanawe haoi, na jirani mgeni ambaye hatujui katokea wapi. Panga zinapochomolewa, tayari una mtu wa kumhofia. Filamu hiyo ilipata tuzo ya ufundi kwenye tamasha la Cannes mwaka 1975, na sidhani kama waamuzi walikuwa wakihesabu maiti.

Kung fu, panga, samurai, kareti: si kitu kimoja?

Ni ukoo mmoja wenye matawi. Wuxia ni hadithi za Kichina za mashujaa wa upanga: *wu* ni mambo ya vita, *xia* ni muungwana anayetetea wanyonge bila kutumwa na mtawala. Mashujaa hawa huishi kwenye *jianghu*, neno ambalo maana yake ni "mito na maziwa", yaani ule ulimwengu wa pembeni wa wasafiri, majambazi, watawa na wenye nyumba za wageni, ambao una sheria zake wenyewe. Filamu za kung fu zilizovuma Hong Kong miaka ya 1970 ziliweka upanga chini zikarudi kwenye mikono mitupu. Za samurai ni za Japani, na hangaiko lake kubwa ni utii: unamtumikia bwana wako mpaka wapi? Baadaye wakaja Wathai na muay thai, kisha Waindonesia na silat, sanaa za mapigano za kwao.

Kupenda tawi moja hakukulazimishi kupenda mengine. Mimi wuxia hunikesha, lakini filamu za mashindano, zile za mshindi wa raundi hii kukutana na mshindi wa raundi ile, hunipa usingizi.

Lazima niwe nimejifunza kareti ndipo nizifurahie?

Hapana. Tena waliojifunza ni wasumbufu kutazama nao: kila dakika wanasimamisha filamu wakueleze kwamba teke lile halifiki.

Lakini hadithi si ile ile kila siku? Mwalimu kauawa, mwanafunzi kakimbilia mlimani, karudi kulipiza.

Mara nyingi ndiyo. Hata ngano za sungura na fisi tunajua zitaishaje, na bado tunamwambia msimulizi aendelee. Kisa kinapojulikana, macho yanapata nafasi ya kuangalia vitu vingine: safari hii staringi analipa gharama gani? Je, adui ana sababu za kueleweka? Na huyo anayelipiza kisasi, akishamaliza atakwenda kuishi wapi? Filamu dhaifu haina majibu ya maswali hayo. Filamu nzuri imeyaficha ndani ya kisa kile kile ulichodhani unakijua.

Nianze na ipi?

Inategemea unachopenda kwenye filamu nyingine. Mpenda mapenzi yasiyosemeka aanze na *Crouching Tiger, Hidden Dragon*. Anayependa kucheka aanze na *Drunken Master*. Anayependa kuona mtu akipambana na udhaifu wake mwenyewe, *The 36th Chamber of Shaolin*. Asiyependa mapigano kabisa aende moja kwa moja kwenye *Harakiri*, halafu asome swali la kisasi hapo chini.

## Mwalimu na mwanafunzi

Kwa nini mafunzo yanachukua muda mrefu kuliko pambano la mwisho?

Kwa sababu mafunzo ndiyo filamu. Pambano la mwisho ni mtihani tu, na hakuna anayekumbuka shule kwa ajili ya siku ya mtihani.

*The 36th Chamber of Shaolin* (1978) ya Lau Kar-leung inalionyesha hili kuliko filamu yoyote ninayoijua. Kijana anakimbilia hekalu la Shaolin akitaka kujifunza kupigana ili awakomboe watu wake. Kwa kiburi anaomba kuanzia chumba cha juu kabisa. Anashindwa hata kuketi humo. Anarudishwa chini, na somo lake la kwanza ni kuvuka maji kwa kukanyaga magogo yanayoelea ili afike kwenye chumba cha kulia. Akianguka, anakula akiwa amelowa, au anakosa chakula. Kisha anabeba ndoo za maji mikono ikiwa imenyooshwa, visu vimefungwa mikononi, akishusha kidogo vinamchoma mbavuni. Kisha nyundo yenye mpini mrefu. Kisha macho, kisha kichwa. Kwa muda mrefu sana hapigani na mtu yeyote.

Kinachoshika hapo ni muda kuonekana kwa macho. Filamu nyingi huweka wimbo wa dakika mbili, na wimbo ukiisha mzembe amekuwa bingwa. Hapa unaona miaka. Unaona mtu yule yule akishindwa kitu kile kile mpaka siku moja hashindwi, na hakuna anayempigia makofi. Anaelekezwa chumba kinachofuata. Yeyote aliyewahi kujifunza ufundi wowote, kushona, kupiga gitaa, kuandika hati nzuri, anaijua siku hiyo.

Lau mwenyewe alifundishwa na baba yake mtindo wa Hung Gar, katika mlolongo wa walimu unaofika kwa Wong Fei-hung, bwana maarufu wa kung fu wa kusini mwa China. Nadhani ndiyo maana kamera yake haina haraka darasani.

Mbona mwalimu mara nyingi ni mzee mchafu, mlevi au mtu wa kazi za mikono?

Ili mwanafunzi, na sisi pamoja naye, tuumbuke kwa kumdharau. Katika *Drunken Master* (1978), Jackie Chan anacheza kijana mtukutu anayekabidhiwa kwa ombaomba mwenye pua nyekundu ya pombe. Mzee anachezwa na Yuen Siu-tien, baba mzazi wa mwongozaji Yuen Woo-ping. Anamfundisha mitindo ya malaika wanane walevi. Kijana anajifunza saba kwa bidii, wa nane anaupuuza kwa kuwa ni wa malaika wa kike na anaona aibu kujipinda namna ile. Kwenye pambano la mwisho saba hazitoshi. Inabidi aubuni ule wa nane papo hapo, mbele ya adui, kwa ujinga wake mwenyewe. Ni kichekesho, lakini chini yake kuna karipio.

Kwa nini bingwa wa kweli hataki kupigana?

Kwa sababu anajua mwisho wake. Katika *Seven Samurai* (1954) ya Akira Kurosawa, watu wawili wanajipima kwa fimbo. Mmoja anatangaza kwamba wametoka sare. Mwenzake, Kyuzo, anamwambia kwa utulivu kwamba zingekuwa panga za kweli angekwisha kufa. Yule anang'ang'ania warudie kwa panga za kweli, na anakufa. Kyuzo haonyeshi furaha yoyote. Alijitahidi kuizuia ile maiti, akashindwa.

Kuna aina nyingine ya sababu, nayo ni huzuni. *The Karate Kid* (1984) inakumbukwa kwa kijana anayefutishwa magari na kupakishwa rangi uzio bila kujua kwamba mikono yake inajifunza kuzuia ngumi. Watu husahau usiku ambao mwalimu wake, Miyagi, amelewa, amevaa sare ya zamani ya jeshi, akimkumbuka mke wake aliyefariki akijifungua, pamoja na mtoto, ndani ya kambi ya Manzanar ambako Marekani iliwafungia watu wenye asili ya Japani, wakati yeye yuko Ulaya akiipigania Marekani hiyo hiyo. Hakuna teke hata moja kwenye tukio hilo. Baada yake, kila Miyagi anapokataa ugomvi unaelewa anachokikataa. Pat Morita aliteuliwa kuwania tuzo ya Oscar kwa uhusika huo.

## Kutazama na kusikiliza

Watu husema pambano ni mazungumzo. Yanasomwaje?

Jiulize kila anapopiga mmoja: anamwambia nini mwenzake?

Mfano ni *Crouching Tiger, Hidden Dragon* (2000) ya Ang Lee, pale Shu Lien anapopambana na binti Jen ukumbini. Jen ana upanga usioshindika, ambao si wake. Shu Lien anashika silaha moja baada ya nyingine, na kila moja inakatwa au inamshinda kwa uzito. Ukitazama haraka, ni onyesho la silaha. Ukitazama vizuri, ni dada mkubwa anayemwambia mdogo wake: kilicho bora hapa ni upanga, si wewe. Mwishowe Shu Lien, akiwa na kipande tu cha upanga uliovunjika, anakifikisha shingoni mwa Jen na kukizuia. Jen anatumia huruma hiyo kumkata mkono. Urafiki wao unavunjika hapo, na hakuna hotuba ambayo ingeusimulia vizuri zaidi.

Ndivyo yalivyo mapenzi, wivu na msamaha katika filamu hizi. Wahusika wamelelewa kunyamaza, basi miili inasema.

Wanaruka mapaa na kusimama juu ya mianzi. Huo si uongo mtupu?

Ni uongo uliokubaliwa, kama waimbaji wa opera wanaokufa huku wakiimba. Mengi ya hayo yametoka kwenye opera ya Beijing, ambako mwigizaji huimba, hupiga sarakasi na kupigana ndani ya onyesho moja. King Hu alichukua midundo ya ngoma za opera akaijenga upya kwa kukata picha: mtu anaruka, hatuoni anavyopanda, tunaona kitambaa tu kikipita kati ya majani. Alitumia trampolini kuwarusha waigizaji. Nyaya zikatawala baadaye.

Kuruka huko kuna maana. Katika filamu ya Ang Lee, Jen anaruka kwa wepesi kuliko wote kwa sababu hataki kufungwa na chochote, si ndoa, si mwalimu, si sheria. Wanaomtaka ashuke wote wana sababu nzuri. Ndiyo shida.

Kwa nini mapigano ya zamani yanaeleweka, na mengi ya siku hizi yananiumiza kichwa?

Zamani kamera ilisimama mbali ikaonyesha mwili mzima, na picha ilikaa sekunde kadhaa kwa sababu mbele yake walikuwa watu wanaoweza kweli. Jackie Chan, Sammo Hung na Yuen Biao walilelewa pamoja tangu utotoni kwenye shule ya opera ya mwalimu Yu Jim-yuen huko Hong Kong. Ukiwa na watu wa namna hiyo huna haja ya kuficha kitu. Ukiwa na mwigizaji aliyefanya mazoezi miezi michache, unakata picha kila nusu sekunde na kutikisa kamera ili asionekane.

Sisemi ya zamani yote yalikuwa mazuri. Mengi yalipigwa picha harakaharaka, na ile lenzi ya kuvuta karibu ghafla kwenye macho ya adui ilitumika mpaka ikachosha.

Mbona midomo hailingani na maneno?

Filamu za Hong Kong kwa miaka mingi zilipigwa picha bila kurekodi sauti. Maneno yaliwekwa baadaye studio, mara nyingi na watu wengine kabisa, kwa Kimandarini, Kikantoni na lugha za masoko ya nje. Kwa hiyo hata ukiipata "ya asili", inawezekana sauti unayoisikia si ya unayemwona. Kama unaweza kusoma maandishi ya tafsiri chini ya picha, soma. Tafsiri za sauti hukata maneno ili yaenee mdomoni, na mara nyingi kinachokatwa ni heshima, yaani nani anamwita nani kaka mkubwa, nani mwalimu.

## Watu ndani ya filamu

Wanawake wana nafasi gani?

Kubwa kuliko katika filamu nyingi za vita, na ya zamani kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 1966 Cheng Pei-pei, aliyekuwa amesomea baleti, alibeba *Come Drink with Me* kama staringi mwenye upanga. Tukio lake kwenye nyumba ya wageni, ameketi mezani wanaume wakimzunguka, linasimuliwa na kila anayependa filamu hizi. Miaka 34 baadaye alirudi kama adui katika *Crouching Tiger*, na kisa cha adui huyo ni kikali: bwana mmoja alikubali kulala naye lakini akakataa kumfundisha kwa kuwa ni mwanamke. Akamuua, akaiba kitabu cha siri, na asiweze kukisoma. Akafuata picha tu. Mwanafunzi wake, Jen, alijua kusoma, akamficha siri hiyo. Sijui adui mwingine ambaye ubaya wake umeanzia kwenye mlango wa darasa uliofungwa.

Michelle Yeoh, aliyecheza Shu Lien, naye alitoka kwenye baleti. Mwaka 2023 alipata Oscar ya mwigizaji bora wa kike.

Kwa nini Jackie Chan anachekesha, wakati anapigana kwa dhati?

Kwa sababu anaumia. Shujaa wa kawaida anapiga ngumi na kutazama mbali. Jackie anapiga ngumi, halafu anapuliza vidole. Amesema mara nyingi kwamba anamhusudu Buster Keaton, mchekeshaji wa filamu za kimya, na unaona: ngazi, kiti, koti, kila kitu kilichopo chumbani ni rafiki au msaliti. Picha za ajali alizozoea kuweka mwishoni ni sehemu ya mkataba wake na mtazamaji. Unaona kwamba mtu kweli alianguka.

Bruce Lee alikufa mwaka 1973. Kwa nini bado yumo?

Mwendo wake kwanza: mwaka 1958 alikuwa bingwa wa cha-cha Hong Kong, na ukijua hilo huwezi kuacha kuiona dansi kwenye miguu yake. Pili, hasira zake zilikuwa na anwani. Katika *Fist of Fury* (1972) anavunja kwa teke kibao cha bustani kinachozuia mbwa na Wachina. Watu waliowahi kusimama mbele ya kibao cha aina hiyo, popote, hawakuhitaji tafsiri.

Novemba 2005 sanamu yake ilizinduliwa Mostar, Bosnia, siku moja kabla ya nyingine kuzinduliwa Hong Kong. Mji ule uligawanyika vibaya katika vita vya miaka ya 1990, na waliopendekeza sanamu walitafuta mtu ambaye hakuwa wa upande wowote, ila kila upande ulimpenda utotoni.

## Maswali ya pembezoni

Je, ni historia ya kweli?

Majina mengi ni ya kweli, matendo usiyaamini. Wong Fei-hung aliishi, alikuwa tabibu na mwalimu wa kung fu. Mwigizaji Kwan Tak-hing alimcheza kwenye filamu zaidi ya 70 kuanzia mwaka 1949, akamfanya mzee mwenye staha na nidhamu. Kisha Jackie Chan akamcheza kama mtukutu (ndiye yule kijana wa *Drunken Master*), na mwaka 1991 Jet Li akamcheza kama kijana mpole anayeiona nchi yake ikiingiliwa na wageni. Kila kizazi kilimtuma mtu yule yule kazi tofauti.

Bunduki zikifika, sanaa hizi zina maana gani?

Swali hili ndilo linalozifanya baadhi ya filamu hizi ziwe na majonzi. Katika *Seven Samurai*, samurai wanne wanaokufa wote wanauawa kwa risasi. Hakuna anayekufa kwa upanga, hata Kyuzo. Katika ile ya Jet Li, *Once Upon a Time in China*, bwana mmoja mwenye mwili usiopenywa na mkuki anapigwa risasi, na akiwa anakata roho anakiri kwamba kung fu haiwezi kushindana na bunduki. Miaka yote ya ndoo na nyundo (tazama swali la mafunzo), halafu mtu asiyejua lolote anabonyeza kidole.

Si zinafundisha kisasi?

Baadhi, ndiyo, tena bila haya. Lakini filamu kali zaidi kuhusu kisasi ninayoijua ni *Harakiri* (1962) ya Masaki Kobayashi, na sehemu kubwa yake ni mtu aliyeketi uani akizungumza. Samurai masikini anafika kwenye nyumba ya ukoo mkubwa akiomba nafasi ya kujiua kwa heshima. Wanamsimulia kijana aliyekuja kabla yake na ombi hilo hilo, wakamlazimisha ajitumbue kwa upanga wake wa mwanzi, maana wa chuma alikuwa ameuza. Kinachofuata sitakisema. Niseme tu kwamba anayeshindwa pale ni heshima yenyewe, na ukoo unaandika kwenye kumbukumbu zake kwamba hakuna kilichotokea.

Nikiruka mapigano yote, nitabakiwa na filamu?

Kwa nyingi, hapana: utabakiwa na watu wanaotembea kuelekea mahali. Kwa hizi nilizotaja utabakiwa na kisa, lakini utakuwa umefuta mazungumzo muhimu (rejea swali la kusoma pambano). Kama damu inakusumbua, zipo za Jackie Chan.

Pambano fupi kuliko yote ni lipi?

La mwisho katika *Sanjuro* (1962), ya Kurosawa tena. Wawili wanasimama karibu kiasi cha kugusana, na wanatazamana. Kimya. Unaanza kujiuliza kama filamu imekwama. Kisha pigo moja, na damu inaruka kama bomba limepasuka. Vijana waliokuwa wakitazama wanamsifu mshindi, naye anawakemea kwa hasira, akisema aliyemuua alikuwa mtu kama yeye.